Ndege za aina iliyopiga mabomu Nyandarua: moja ipo Cosford, Uingereza, na kiingilio ni bure (uzi mrefu)

#1 Mtambo Mkongwe

Wakuu, salaam.

Jukwaa hili tukigusa tu ndege za kivita, ujue kurasa kumi zitaisha kwa ubishi wa Su-35 na F-35, na wabishi wenyewe hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa tairi la mojawapo. Leo naleta chuma ambacho unaweza kukiendea mwenyewe, ukakizunguka, ukainama chini ya bawa ukahesabu ribiti, na mlangoni usidaiwe hata senti.

Ni makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza, RAF, yaliyoko Cosford, mkoa wa Shropshire. Siku hizi jina rasmi ni RAF Museum Midlands, ila watu bado wanasema Cosford tu. Ni pacha wa ile ya Hendon, London: Hendon ilifunguliwa 1972, Cosford 1979. Kwa tulio huku Birmingham na Wolverhampton ni safari fupi. Unapanda treni ya Shrewsbury, unashuka stesheni ya Cosford, unatembea. Pembeni yake kambi ya RAF bado inafanya kazi, ndiko wanakofundishiwa mafundi wa ndege.

Nitaandika kwa vipande maana nipo kazini. Mwenye haraka aruke hadi kipande cha Lincoln, hicho ndicho kilichonifanya nifungue uzi.

Ukumbi wa Vita Baridi

Ulifunguliwa Februari 2007. Jengo lenyewe limekatwa pembe pembe, na ndani ndege nyingine ziko sakafuni, nyingine zinaning'inia hewani. Lightning, jeti iliyotengenezwa kupaa haraka iwawahi Warusi huko juu, wameitundika wima kabisa, pua inatazama dari. Aliyepanga hivyo aliielewa ndege, kwa sababu kupaa ndiyo ilikuwa kazi yake. Mafuta yalikuwa yanaisha kabla rubani hajamaliza kusalimiana na mnara.

Kinachowatoa watu mbali ni ndugu watatu: Valiant, Victor na Vulcan. Hizi ndizo ndege zilizojengwa kubeba bomu la nyuklia la Uingereza hadi Urusi, na hakuna sehemu nyingine duniani utakayozikuta zote tatu pamoja. Valiant iliyopo, namba XD818, ndiyo Valiant nzima pekee iliyobaki, na ndiyo iliyodondosha bomu la kwanza la haidrojeni la Waingereza, tarehe 15 Mei 1957, karibu na kisiwa cha Malden, Pasifiki. Imepakwa nyeupe pee. Usidhani ni urembo. Nyeupe ile ilikuwa ya kurudisha mwako wa mlipuko, ndege isibabuke ikiwa inakimbia kuokoa roho yake.

Vulcan yao, XM598, ina kisa cha kusikitisha kidogo. Usiku wa 30 Aprili 1982 iliondoka kisiwa cha Ascension ikiwa ndiyo kinara wa kwenda kupiga uwanja wa ndege wa Stanley kule Falklands, visiwa vya Waingereza vilivyokuwa vimetekwa na Argentina. Muda mfupi baada ya kuruka, mpira wa dirisha la chumba cha marubani ukagoma kuziba hewa. Wakarudi. Ndege ya akiba, XM607, ikashika nafasi, ikaenda, ikapiga, na jina likawa lake. XM598 ikabaki na bahati ya kuonwa na watoto wa shule siku ya mvua.

Victor nayo iliishia kuwa gari la mafuta. Hii ya Cosford, XH672, ilikuwa kwenye Vita vya Ghuba mwaka 1991 ikinyweshea ndege nyingine hewani.

Naenda kazini, narudi.

#2 Kichwa Maji

Nimeweka kiti mbele kabisa. Mkuu tupia na picha.

#3 Zuhura wa Kibokoni

Mleta uzi, mimi nilisikia huko kuna ndege yenye mzimu. Ni kweli au Wazungu nao wana porojo?

#4 Mtambo Mkongwe

Zuhura umeniwahi, kwa sababu hiyo ndege yenye mzimu ndiyo Lincoln yenyewe. Kwa miaka mingi Waingereza wamesimuliana kwamba usiku hanga likifungwa, ndani ya Lincoln husikika vishindo, swichi zikibonyezwa, mtu akitembea. Wengine walifika hatua ya kuacha vinasa sauti ndani. Mimi mzimu sikuuona, ila kama kuna ndege pale yenye sababu ya kutolala, ni hiyo.

Sasa sikilizeni.

Avro Lincoln ni mdogo wake Lancaster, ile ndege ya mabomu iliyoiunguza miji ya Wajerumani. Mchoraji ni yuleyule, Roy Chadwick. Iliruka mara ya kwanza 9 Juni 1944. Injini nne za Merlin, mabawa ya mita 36 na ushee kutoka ncha hadi ncha, watu saba ndani, na tumbo linalobeba zaidi ya tani sita za mabomu. Ilikusudiwa kwenda kuipiga Japani. Kabla haijaenda, vita vikaisha.

Kwa hiyo mwaka 1945 Waingereza wakajikuta na mamia ya ndege kubwa za pangaboi, mpya kabisa, katika dunia iliyokuwa inahamia kwenye jeti. Ilizeeka ikiwa bado inanukia rangi. Tarehe 12 Machi 1953 MiG-15 za Warusi ziliitungua Lincoln moja kwenye njia ya anga ya Ujerumani, na watu wote saba wakafa. Hapo hata kipofu aliona kwamba mbele ya jeti ndege hii ni nyama. MiG-15 nayo ipo Cosford, kwa hiyo mwuaji na aliyeuawa, kwa aina zao, wanalala kwenye makumbusho moja.

Ndege isiyoweza kuthubutu mbele ya Mrusi unaipeleka wapi? Unaipeleka kwa mtu asiye na ndege.

Kenya ilitangaziwa hali ya hatari 20 Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau waliingia misitu ya Nyandarua, ambayo Waingereza waliiita Aberdare, na ya Mlima Kenya. Mwanzoni RAF ilitumia Harvard, ndege ndogo za kufundishia marubani, zikifungiwa vibomu vya kilo tisa tisa. Polisi wa akiba walikuwa na vindege vyao vya raia vya kuzungukia msitu. Halafu Novemba 1953 zikaja Lincoln. Vikosi vilipokezana kutoka Uingereza, makao yao yakiwa Eastleigh, Nairobi, ule uwanja ambao sasa ni Moi Air Base. Ziliendelea hadi Julai 1955.

Msitu ulitangazwa eneo la marufuku: ukionekana humo, wewe ni adui. Vindege vidogo vilitangulia kuonyesha shabaha, kisha Lincoln inafuata na mabomu ya pauni 500 na pauni 1,000 (kilo 225 na 450). Shabaha yenyewe ni mianzi, ukungu, na miinuko inayokaribia mita 4,000.

Hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha. Zile tatu nyeupe na za kijivu ukumbini, zilizogharimu fedha za kutisha, hazikuwahi kuangusha bomu la nyuklia juu ya adui hata siku moja. Zilikaa zinasubiri. Hii iliyopitwa na wakati ndiyo iliyokuwa inaamka asubuhi Eastleigh na kwenda kazini. Vita Baridi kwa Mwingereza ilikuwa kungoja, sisi tulikuwa tunapigwa kweli.

#5 Kipanga wa Othaya

Mzee, hapa umegusa nyumbani. Kwetu ni chini ya Nyandarua kabisa. Guka (babu) upande wa mama alikuwa kijana mdogo wakati huo, wamehamishiwa kijiji chenye handaki na miti iliyochongwa. Anasema ile ndege ulikuwa unaisikia kabla hujaiona, ngurumo nzito, halafu vyombo vinatetemeka jikoni. Wamama walikuwa wanajua nani ana mtoto msituni kwa kuangalia ni nani ameacha kupiga stori.

Hakuwahi kuniambia jina la ndege. Leo ndio najua inaitwa Lincoln.

Swali: hiyo ya Cosford ilifika Kenya?

#6 Mtambo Mkongwe

Kipanga, asante kwa hilo la vyombo.

Hapana. Iliyoko Cosford ni RF398, na miaka yake ya mwisho ilitumika kwenye kazi za mitambo ya mawasiliano na rada. Ilikuwa kati ya za mwisho kabisa kuruka katika RAF, mwaka 1963, na ndiyo maana ilisalimika: nyingine zilikwishauzwa kama chuma chakavu. Lincoln nzima unazihesabu kwa vidole duniani. Hii moja, na mbili ziko Argentina, ambao waliwahi kununua 30. Kwa hiyo hii inabeba dhamana ya dada zake wote, pamoja na waliokuja kwenu.

Ukifika, usikimbilie kupiga picha ya ubavu mzima. Pita chini. Tumbo limepakwa rangi nyeusi, na milango ya mabomu ni mirefu kupita unavyodhani, inachukua sehemu kubwa ya urefu wa ndege. Ukisimama pale chini ndipo unaelewa kwamba ndege yote imejengwa kuuzunguka ule mlango. Marubani, mabawa, injini, vyote ni watumishi wa hiyo nafasi ya katikati.

#7 Fundi Rada

Mleta uzi andiko zuri ila usitie siasa. Vita ni vita. Mau Mau nao walichinja watu Lari, Machi 1953, wanawake na watoto. Waingereza walitumia walichokuwa nacho.

#8 Mtambo Mkongwe

Fundi, Lari ilitokea na siifichi, kama ambavyo sifichi waliouawa kwa kisasi baada ya Lari. Lakini mimi naongelea ndege, na swali la ndege ni la kifundi kabisa: ilifaa kazi gani?

Mtu mwenye bunduki ya kutengeneza kwa bomba la maji, amejificha chini ya mianzi, unampelekea chombo kilichobuniwa kuvunja viwanda vya Japani. Taarifa za kijasusi zilikuwa haba, kwa hiyo mabomu mengi yalikwenda kwa kukisia. Hadi Juni 1954 hesabu za Waingereza zilitaja karibu wapiganaji 900 waliouawa au kujeruhiwa kutoka angani. Waliwahesabuje chini ya mianzi ile, jibuni wenyewe. Walioumia bila ubishi ni tembo, nyati na vifaru, na mnyama aliyejeruhiwa na bomu alikuwa hatari kwa kila aliyepita njia hiyo, askari wa Kiingereza akiwemo.

Na mwisho wa yote Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, hakukamatwa na ndege. Alikamatwa Oktoba 1956, Lincoln zikiwa zimeshaondoka zaidi ya mwaka mzima, na waliomkamata walikuwa askari wa kienyeji wanaotembea kwa miguu.

Kitu kimoja zaidi. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Ile ilikuwa kesi ya mateso ya kambini. Mabomu ya msituni hayakuwemo.

#9 Zuhura wa Kibokoni

Fundi Rada amekwenda kunywa maji 😂

#10 Fundi Rada

Nipo. Nakubali la ufundi. Ila Lincoln ziliwavunja moyo wengi wakatoka msituni, hilo nalo liseme.

#11 Mtambo Mkongwe

Nalisema. Mabomu yaliwatawanya na wengi walishuka kwenye vijiji. Na bomu halikuwa peke yake: kulikuwa na vikaratasi vilivyomwagwa kutoka juu, na ndege zilizofungwa vipaza sauti zikizunguka zikiwaita watu kwa lugha zao wajisalimishe. Kati ya aina zilizotumika kwa kazi hiyo ni Pembroke, ndege ya injini mbili, nene, ya upole kabisa. Cosford wanayo moja. Watu wanaipita bila kuiangalia kwa sababu imekaa kama teksi. Ebu fikiria uko msituni siku ya tatu bila chakula, na mawingu yanakutaja.

#12 Mzee wa Ukonga

Vijana nawasoma kimya kimya tangu jana. Mmeng'ang'ania Kenya, na sisi Tanganyika tulikuwa na yetu.

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles walipoasi pale Colito, sasa Lugalo, Mwalimu aliomba msaada wa Waingereza. Alfajiri ya tarehe 25 manowari ya kubeba ndege, HMS Centaur, ikawashusha makomando wa Kikosi cha 45 kwa helikopta. Walikuwa na Wessex za jeshi la majini na Belvedere za RAF, ile helikopta ndefu yenye pangaboi mbili, moja mbele moja nyuma. Uasi ukaisha siku hiyo hiyo. Mwezi Septemba mwaka huo ndipo JWTZ ikaundwa upya kutoka chini.

Belvedere zilitengenezwa chache sana. Hiyo iko Cosford?

#13 Mtambo Mkongwe

Shikamoo mzee. Belvedere ya RAF wameiweka Hendon, London, siyo Cosford. Nikienda huko nitaleta picha zake humu.

Lakini kwa kuwa umeileta Tanganyika, Cosford kuna nyingine inayotuhusu, ipo nje. Bristol Britannia, ndege ya abiria ya injini nne. Novemba 1965 Ian Smith, mkuu wa serikali ya walowezi, alipojitangazia uhuru wake Rhodesia (sasa Zimbabwe), mafuta ya Zambia yalikatika kwa sababu yalikuwa yanapitia huko huko. Britannia za RAF zikawa zinabeba mapipa ya mafuta kutoka Nairobi na Dar es Salaam kupeleka Zambia. Mapipa, mzee, ndani ya ndege ya abiria. Na ilikuwa Desemba mwaka huo huo Mwalimu alipovunja uhusiano wa kibalozi na London kwa ajili ya Rhodesia hiyo hiyo. Bomba la TAZAMA, la mafuta kutoka Dar hadi Zambia, lilikuja kukamilika 1968, ndipo Zambia ikapumua.

Angalizo kwa wapenzi wa namba: Britannia ya Cosford imepakwa rangi na namba ya RAF, XM497, lakini kiwiliwili ni cha ndege ya zamani ya BOAC, shirika la ndege la Waingereza, G-AOVF. Usije ukamwambia mwanao kwamba hii ndiyo iliyobeba mapipa.

Humo humo Cosford kuna Javelin, jeti yenye bawa la pembetatu. Wenzake wa Kikosi cha 29 walipelekwa Ndola Desemba 1965 kulinda anga la Zambia. Kaunda alitaka zaidi ya hapo, akapewa jeti za kukaa tu.

#14 Mzee wa Ukonga

Marahaba. Mapipa nayakumbuka. Mjini kulikuwa na utani kwamba Mzungu amegeuka mchukuzi wa Kariakoo.

#15 Kichwa Maji

Picha bado hamjatupia. Na je, ukiacha za kwetu, nisipitwe na nini?

#16 Mtambo Mkongwe

Picha jioni, intaneti ya kazini inabana.

Usipitwe na TSR-2, jeti ya mashambulizi ya Waingereza, iko kwenye hanga la ndege za majaribio. Nyeupe, ndefu, sura ya kitu kilichotoka kiwandani jana. Mradi ulifutwa na serikali 6 Aprili 1965 wakati ni ndege moja tu iliyokuwa imesharuka. Hii ya Cosford, XR220, ilikuwa inaandaliwa kuruka siku hiyo hiyo ya tangazo. Haijawahi kuondoka ardhini. Waingereza wakiiongelea utadhani wanamwongelea marehemu wa familia. Mimi nadhani wanaililia kupita kiasi, ndege isiyoruka haina kasoro.

Usipitwe na Belfast. Ni ndege ya mizigo, zilijengwa 10 tu, na tumbo lake ukiliona unaelewa kwa nini ukumbi ulijengwa mkubwa vile.

Spitfire ipo, K9942, ya mwaka 1938, Spitfire ya zamani kuliko zote zilizobaki. Hapo utakuta wazee wamesimama na kofia mkononi, wape nafasi.

Na usipitwe na Dornier 17. Ndege ya mabomu ya Wajerumani iliyotunguliwa Agosti 1940, ikalala chini ya bahari karibu na pwani ya Kent hadi ilipovutwa juu tarehe 10 Juni 2013. Ilipofika Cosford waliiweka kwenye mahema marefu wakawa wanainyunyizia maji yenye asidi ya sitriki, ile ile ya kwenye ndimu, mchana na usiku, kutoa chumvi na magamba ya bahari bila kula alumini. Sisi tunaofanya kazi za karakana tulizoea kukimbilia msasa. Pale nilimwona fundi akisafisha kipande cha ukubwa wa kiganja kwa mswaki na kijiti cha pamba, hana haraka, redio inaimba pembeni. Ilikuwa siku ya wazi ya karakana yao. Kwa kawaida hufungulia wageni Novemba kwa siku chache.

#17 Kipanga wa Othaya

Niko Leicester, nataka nimlete mama akija. Atatembea sana? Na parking?

#18 Mtambo Mkongwe

Kiingilio bure, parking unalipa, kwa hiyo treni ni nafuu kama mko wawili. Mahanga yako mbalimbali na kati yake unatembea nje, upepo wa Shropshire hauna adabu, mama avae koti zito. Viti vya magurudumu unaweza kuuliza mapokezi. Anzia kwa Lincoln mkiwa bado na nguvu, ukumbi wa Vita Baridi uwe wa mwisho, una joto na sehemu za kukaa.

Wa Novemba tuandikiane PM, tukiwa wengi tutakodi gari dogo kutoka Birmingham.

#19 Zuhura wa Kibokoni

Niwekeeni nafasi moja. Mzimu niachieni mimi.